Kaakaa Jekundu Chini ya Meno ya Bandia: Mwongozo Kamili wa Kulitibu na Kuzuia Lisirudie

Wavaaji wengi wa meno ya bandia wana ugonjwa mdomoni na hawana habari. Hauwaumi, hauwanyimi chakula, wala hauwapeleki hospitali. Mara nyingi daktari wa meno huugundua mgonjwa alipokwenda kwa shida nyingine kabisa: meno ya juu yakivuliwa, kaakaa lote ni jekundu, na wekundu huo umekatika pale pale ukingo wa bamba, yaani plastiki inayobeba meno hayo, ulipoishia, kana kwamba mtu ameupitishia kalamu. Tafiti zilizofanywa sehemu mbalimbali zimeukuta kwa kati ya asilimia 15 na zaidi ya asilimia 70 ya wavaaji. Pengo hilo ni kubwa kwa sababu waliochunguzwa hawakufanana, na kila mtafiti alikuwa na kipimo chake cha kuamua nani mgonjwa.

Kuna jambo moja la kushika kabla ya mengine yote. Makao ya ugonjwa huu ni kwenye meno ya bandia yenyewe kuliko kinywani. Ukitibu kinywa ukaliacha bamba lilivyo, utapata nafuu, kisha baada ya wiki chache utakuwa pale pale ulipoanzia. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na bamba. Dawa zinakuja nyuma, tena si kwa kila mtu.

Kinachotokea chini ya bamba

Meno ya bandia mengi hutengenezwa kwa plastiki ya akriliki. Upande wa nje, ule unaoonekana, fundi huung'arisha hadi ukateleza. Upande wa ndani, unaolala juu ya ufizi na kaakaa, haung'arishwi, maana kuung'arisha ni kuharibu umbo lililochukuliwa kwenye kipimo cha mdomo wako, na meno hayatashika tena. Hivyo upande huo hubaki na vitundu na mikwaruzo ambayo jicho halioni. Humo ndimo fangasi aitwaye Candida albicans hujishikiza pamoja na bakteria, wakajenga utando unaonata.

Fangasi huyu si mgeni. Watu wengi wenye afya njema wanaye kinywani na hawadhuru. Anachokosa ni nafasi, na bamba humpa. Kaakaa likishafunikwa, mate hayapiti, na mate ndiyo yanayoosha kinywa na kubeba kinga za mwili za kuwadhibiti fangasi. Chini ya bamba panabaki joto, unyevu na asidi. Ndiyo sababu ugonjwa huwa zaidi juu kuliko chini: meno ya bandia ya chini ni membamba, hutikisika mtu akizungumza, na mate huingia chini yake kila mara.

Juu ya hayo kuna mambo yanayouchochea. La kwanza, na zito kuliko yote kwa maoni yangu, ni kulala na meno mdomoni. Kisha kuna usafi hafifu, meno yaliyolegea yanayosugua ngozi laini, uvutaji wa sigara, na kinywa kikavu, ambacho mara nyingi huletwa na dawa za kila siku kama zile za msongo wa mawazo, za mzio au za kuongeza mkojo. Kisukari kisichodhibitiwa, VVU, upungufu wa madini ya chuma, vitamini B12 au asidi ya foliki, antibayotiki za muda mrefu, na dawa za pumu za kuvuta zenye steroidi navyo hufungua mlango.

Hatua ya 1: Jikague

Vua meno, sukutua kwa maji, simama mbele ya kioo, washa tochi ya simu, kisha inamisha kichwa nyuma. Kuliona kaakaa lako mwenyewe ni kazi ngumu kidogo. Mwombe mtu wa nyumbani akupige picha, au tumia kioo cha pili kidogo. Linganisha rangi ya kaakaa na rangi ya ndani ya shavu. Shavu ndilo kipimo chako, kwa kuwa halifunikwi.

Madaktari bado wanatumia mgawanyo wa ugonjwa huu uliotolewa na mtafiti wa meno aitwaye Newton mwaka 1962. Katika aina ya kwanza kuna madoa madogo mekundu yaliyotawanyika, ambayo mara nyingi ni dalili ya bamba kubana au kusugua sehemu fulani. Katika aina ya pili wekundu umeenea eneo lote lililofunikwa. Katika aina ya tatu ngozi ya katikati ya kaakaa imeota vinundu vidogo vingi, na ukipitisha ulimi unahisi ukwaruzaji. Jua uko wapi, maana aina mbili za kwanza hupona kwa usafi na marekebisho, ila ya tatu inaweza isirudi kuwa laini hata fangasi wakiisha.

Angalia pia pembe za midomo. Zikiwa zimepasuka, ni nyekundu na zinawasha, huenda ni fangasi yule yule, pengine amechanganyika na bakteria. Kuzipaka mafuta peke yake ni kupoteza muda, kwa sababu chanzo kiko ndani.

Sasa ligeukie bamba, na usiliangalie likiwa na maji. Bamba lenye maji linang'aa, na kila bamba linalong'aa huonekana safi. Likaushe kwa kitambaa kisha ligeuze upande wa ndani kwenye mwanga. Pale palipo na utando patafifia, patakuwa na rangi ya maziwa au ya njano. Kwaruza kidogo kwa ukucha: ukitoka na kitu laini chenye kunata, umeshamwona adui yako.

Yapo mambo usiyoyatibu mwenyewe hata kidogo. Kidonda kisichopona kwa wiki mbili hadi tatu, uvimbe mgumu, doa jeupe au jekundu lililo nje ya eneo la bamba, ganzi, damu isiyo na sababu, shida ya kumeza: nenda kwa daktari wa meno bila kusubiri, kwa sababu saratani ya kinywa huanza kimya kimya hivyo hivyo. Kidonda kimoja chenye maumivu mahali pamoja kwa kawaida ni bamba linalochoma, na daktari hulisawazisha kwa dakika chache. Usichukue kisu wala msasa ukalichonga mwenyewe. Mzio wa plastiki yenyewe upo, lakini ni nadra kuliko watu wanavyodhani.

Hatua ya 2: Yavue usiku

Hapa ndipo watu wengi hugoma. Kuna anayeona haya mbele ya mwenza wake, na kuna aliyeambiwa siku ya kwanza alale nayo apate kuyazoea, na miaka kumi baadaye bado analala nayo. Ushauri huo wa kulala nayo hutolewa kwa muda mfupi tu baada ya kung'olewa meno, ili bamba lizuie uvimbe na damu. Hauendelei maisha yote.

Ngozi ya kaakaa inahitaji saa kadhaa za kupumua na kuoshwa na mate, na usingizi wa usiku ndio muda rahisi kuupata. Wapo wagonjwa wa aina ya kwanza na ya pili wanaoona mabadiliko ndani ya siku chache kwa hatua hii pekee. Na faida haiishii mdomoni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 uliofuatilia wazee 524 wa Japani wenye umri wa miaka 85 na zaidi ulikuta kwamba waliolala na meno ya bandia walikuwa na hatari ya kupata nimonia takriban mara mbili ya wale walioyavua. Vijidudu vya bamba hushuka na mate kuingia mapafuni mtu akiwa usingizini.

Ikiwa kabisa huwezi usiku, tafuta saa nyingine mchana ambazo huonani na watu. Ila wakati wa matibabu, katika wiki mbili za mwanzo, kadiri unavyokaa bila meno ndivyo utakavyopona haraka. Kuna madaktari wanaoshauri kuyavaa wakati wa kula na wa kutoka tu.

Hatua ya 3: Piga mswaki bamba, na upande wa ndani kwanza

Jaza beseni maji au tandika taulo kwenye sinki, ili yakikuponyoka yasivunjike. Hii si tahadhari ya kupuuza, maana meno mengi ya bandia yamemalizia maisha yake kwenye sinki.

Tumia mswaki laini uliotengwa kwa kazi hiyo, au mswaki maalumu wa meno ya bandia wenye vichwa viwili, maji ya uvuguvugu, na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo au sabuni ya mkono isiyo na manukato makali. Dawa ya meno ya kawaida iweke kando. Ina chembe za kusugua zilizokusudiwa meno ya asili, ambayo ni magumu. Plastiki ni laini, na kila mkwaruzo utakaouacha ni nyumba mpya ya fangasi. Maji ya moto nayo hapana, yanapinda plastiki, na bamba lililopinda halirudi.

Anza upande wa ndani. Watu wengi husugua meno ya mbele hadi yang'ae, kwa kuwa ndiyo yanayoonekana, halafu upande unaogusa kaakaa wanaupitishia maji tu. Sugua bonde la kaakaa, mitaro ya ufizi na ukingo wote, kisha yale ya nje. Ukitumia gundi ya kushikizia meno, ondoa mabaki yote kila siku, bambani na mdomoni, maana mabaki hayo ni chakula na kifuniko cha vijidudu. Suuza meno kila baada ya kula, piga mswaki asubuhi na usiku.

Hatua ya 4: Yaloweke

Mswaki haufiki ndani ya vitundu vya plastiki. Kuloweka ndiko kunakofika, lakini kuloweka bila kusugua kwanza hakufai, kwani dawa huishia juu ya utando.

Njia ya kila siku ni vidonge vya kusafishia meno ya bandia. Tumbukiza kimoja katika maji ya kiasi kilichoandikwa kwenye pakiti, acha kwa muda ulioelekezwa, kisha suuza sana kabla ya kuvaa. Vidonge hivyo ni vya bamba lililo nje ya mdomo. Usivitie mdomoni kamwe, na viweke mbali na watoto na wazee wenye kusahau.

Kwa kuua fangasi wakati wa matibabu, klorini ya kufulia isiyo na manukato wala rangi hufanya kazi vizuri kwenye plastiki tupu. Nyingi huuzwa zikiwa na nguvu ya asilimia 5 hivi. Changanya sehemu moja ya klorini na sehemu tisa za maji upate takriban asilimia 0.5. Loweka bamba kwa dakika 10, usizidishe, kisha suuza kwa maji mengi. Muda ukizidi, plastiki hupauka. Kama meno yako yana chuma, vikulabu au bamba la kobalti, au yamewekewa bitana laini ndani, achana na klorini: chuma kitaliwa na kutu, bitana itaharibika. Hapo tumia klorheksidini, dawa ya maji ya kuua vijidudu vya kinywani, ya asilimia 0.2, ukiloweka dakika 15 mara mbili kwa siku. Huacha madoa ya kahawia kwa muda mrefu, lakini madoa huondolewa. Usiweke klorini kwenye chombo kimoja na siki, kwani mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu. Siki nyeupe iliyochanganywa na maji ni ya kulainisha ugaga mgumu, na ifanyie siku yake peke yake.

Kuna wanaoweka meno kwenye maikrowevu. Joto lake huua fangasi kweli, lakini lina hatari ya kupinda bamba, na kwa meno yenye chuma halifai kabisa. Mimi simshauri mtu afanye hivyo nyumbani.

Usiku, baada ya usafi, yaweke kwenye chombo chenye maji safi au dawa ya kulowekea kama inaruhusiwa kukaa usiku kucha. Plastiki ikikauka hupoteza umbo. Badilisha maji kila siku, na kikombe chenyewe kioshe kwa sabuni.

Hatua ya 5: Kinywa nacho

Bamba likiwa nje, piga mswaki laini kaakaa, ufizi na ulimi asubuhi na usiku. Kama huna jino hata moja, bado fanya hivyo. Kitambaa laini kilicholowa kinatosha kwa ngozi iliyochubuka. Wenye kuvuta dawa ya pumu wasukutue maji na kuyatema kila wanapomaliza, na wakiweza wavutie kupitia chombo cha kupitishia dawa ili kidogo zaidi ibaki mdomoni. Mvutaji sigara atapona polepole kuliko mwingine. Hilo nalisema waziwazi, maana huwezi kulirekebisha kwa dawa ya kunywa.

Hatua ya 6: Dawa, ikihitajika

Kwa wengi hatua zilizotangulia zinatosha. Dawa ya fangasi huongezwa wekundu ukiwa mpana au ukigoma kwisha baada ya wiki mbili za usafi halisi. Iandikwe na daktari, kwa kuwa kuna migongano ya dawa inayoweza kumletea mtu balaa.

Nistatini ya maji, yenye vitengo 100,000 kwa mililita, hutumiwa mara 4 kwa siku baada ya kula. Vua meno kwanza, kwani ukiyaacha dawa haifiki kaakaani. Izungushe mdomoni dakika kadhaa, kisha fuata maelekezo ya kumeza au kutema. Endelea siku mbili zaidi baada ya wekundu kuisha. Mara nyingi ina sukari, kwa hiyo mwenye meno ya asili yaliyobaki asukutue baadaye.

Mikonazoli ya jeli hupakwa kwa wembamba upande wa ndani wa bamba lililooshwa kabla ya kulivaa. Inafanya kazi nzuri kwa sababu inakaa pale pale ugonjwa ulipo. Lakini anayetumia wafarini ya kulainisha damu asiiguse bila daktari, kwani hata jeli hufika kwenye damu na kuzidisha nguvu ya wafarini hadi mtu akavuja damu. Baadhi ya dawa za kolesteroli za kundi la statini nazo hugongana nayo. Flukonazoli ya kumeza, mara nyingi miligramu 50 kwa siku kwa siku 7 hadi 14, ni ya waliotibiwa kwa jeli na nistatini bila mafanikio, au wenye kinga dhaifu. Nayo ina migongano ile ile, na mjamzito aseme mapema.

Kuna kosa la wataalamu na wagonjwa pia: klorheksidini na nistatini hazitumiwi wakati mmoja. Huvunjana nguvu. Kama umepewa zote mbili, uliza uzitenganishe vipi.

Hatua ya 7: Rekebisha meno yenyewe

Ufizi uliong'olewa meno husinyaa mwaka hadi mwaka, na mfupa wake hupungua. Meno yaliyokushika vizuri miaka mitano iliyopita leo yanaweza kuteleza. Tikisa bamba kwa kidole: likielea, ukila upande mmoja likainuka upande mwingine, basi usafi peke yake hautatosha. Daktari anaweza kuliwekea bitana mpya ya ndani, au kuweka kwa muda dutu laini inayoituliza ngozi hadi ipone, kisha achukue kipimo kipya. Kipimo kizuri huchukuliwa kwenye ngozi iliyopona. Kikichukuliwa kwenye kaakaa lililovimba, meno mapya yatalegea uvimbe ukishuka, na utakuwa umelipa mara mbili. Dutu hizo laini hunasa fangasi upesi, kwa hiyo zibadilishwe kama daktari alivyopanga.

Meno ya zamani sana, yaliyopasuka au yaliyokarabatiwa mara nyingi, kwa kawaida ni bora kutengeneza mapya. Watu wengi hufika hapo baada ya miaka 5 hadi 7, lakini hali ya meno ni kipimo bora kuliko kalenda. Vinundu vya aina ya tatu vilivyobaki baada ya fangasi kuisha huenda vikaondolewa kwa upasuaji mdogo, leza au kugandisha, kabla ya kipimo kipya.

Ikirudi tena na tena

Kwa aliyefanya yote na bado wekundu unarudi, daktari hapaswi kuongeza dawa tu. Aagize vipimo vya sukari ya damu, damu kamili, chuma, B12 na foliki, azungumze nawe kuhusu kipimo cha VVU, na apitie orodha ya dawa zako moja moja akitafuta zinazokausha kinywa. Wakati mwingine kinywa ndicho kinachotangulia kusema kuhusu kisukari ambacho hakijagunduliwa. Hata ukiwa mzima, onana na daktari wa meno mara moja kwa mwaka. Kutokuwa na meno ya asili hakukuondolei uchunguzi, maana saratani ya kinywa haihitaji jino.

Kwa anayemtunza mzee

Mzee asiyeweza kushika mswaki atategemea mkono wako. Muulize kabla ya kuyavua, mwambie unachofanya, na vaa glovu. Kama viganja vyake havina nguvu, mtafutie mswaki wenye mpini mnene, au funga mpini wa kawaida kwa kitambaa. Anayesahau sana asiachwe peke yake na chombo cha dawa ya kulowekea, anaweza kukinywa. Pale wanapoishi wazee wengi pamoja, omba daktari au fundi aandike jina la mwenyewe ndani ya plastiki, kwa kuwa meno yanayochanganyika kwenye vikombe huwaambukiza wenyewe kwa wenyewe, na ni vigumu kuyatambua baadaye.